Mpira Unaorudi Kazini



Pita kwenye kibanda chochote cha fundi pancha, Buguruni, Kisumu au Bujumbura, utakuta tyubu kuukuu zimetundikwa. Fundi hana haraka ya kuzitupa. Hukata humo mikanda ya kufungia mizigo kwenye keria ya baiskeli, hukata viraka, na watoto humwomba vipande vya manati. Zinazobaki hurundikwa nyuma ya kibanda, na siku moja hutiwa kiberiti. Moshi wake mweusi unaokaba koo hakuna asiyeujua.

Leo nataka tuzungumze juu ya kile kinachoteketea ndani ya moshi ule. Ni mpira sanisi, yaani mpira ambao haukugemwa mtini bali ulitengenezwa kiwandani kwa kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli. Viwanda vya India, China na kwingineko huununua ukiwa chakavu, huulainisha upya na kuuingiza katika bidhaa mpya. Huo ndio mpira uliorejeshwa. Sisi tunauchoma, na kwa maoni yangu tunauchoma kwa sababu tumezoea kuona kwamba mpira wote ni mmoja. Mpira si mmoja hata kidogo. Thamani yote ya mpira chakavu inategemea kujua ni wa aina gani, na ukishachanganywa umeharibika kabla haujafika kiwandani.

Tuanze na gari lililoegeshwa hapo nje. Tairi la lori kubwa lina mpira mwingi wa asili, ule wa mti wa hevea, kwa sababu unavumilia mzigo bila kupata joto kupita kiasi. Tairi la gari dogo lina zaidi mpira sanisi wa stairini na butadieni, ambao kashata yake huchelewa kulika. Tyubu nyingi ni butili. Ule mpira unaozunguka mlango na kioo kwa kawaida ni wa ethilini na propilini, nao hukaa juani miaka mingi bila kupasuka. Bomba la petroli lina nitrili, kwa kuwa nitrili haivimbi inapokutana na mafuta. Mikanda mingi ya injini ilitengenezwa kwa neoprini. Yote hiyo ni myeusi, yote inanyumbulika, na macho peke yake hayawezi kuitofautisha.

Dunia ililazimika kujifunza tofauti hizo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza. Februari 1942 Singapore ikaanguka, na Machi ikafuata Java. Malaya na visiwa vilivyokuwa chini ya Uholanzi ndiko mpira mwingi wa dunia ulikotoka, na kwa miezi michache tu Marekani ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya mpira iliokuwa ikiagiza. Juni 1942 Rais Franklin Roosevelt alizungumza redioni akiwaomba wananchi wapeleke kila kipande cha mpira wa zamani kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu nao, walipwe senti moja kwa kila ratili. Wakaleta matairi, makoti ya mvua, glavu, viatu, mabomba ya kumwagilia bustani. Zilikusanywa takriban tani 450,000. Magari yakawekewa kikomo cha mwendo cha maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56, na kilichokuwa kikiokolewa hapo zaidi ya petroli ni matairi.

Vita hiyo hiyo ilifika hadi Muheza. Mashamba ya mpira wa aina ya seara, yaliyopandwa enzi za Wajerumani na kutelekezwa bei ilipoporomoka mwaka 1913, yaligemwa upya, na watu wa Tanganyika wakaandikishwa kwa lazima kuyafanyia kazi. Nalitaja hili kwa makusudi. Historia ya mpira husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilitokea Akron, Marekani, na London tu, na jasho la wale waliogema wakati wa vita husahauliwa.

Wamarekani hawakungoja mashamba. Mapishi ya mpira sanisi yalikuwapo tayari: Walter Bock na Eduard Tschunkur, wanakemia wa kampuni ya Ujerumani ya IG Farben, walikuwa wameunganisha stairini na butadieni tangu 1929. Marekani ikajenga viwanda kwa kasi ya vita, na kufikia 1945 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 700,000 za mpira huo kwa mwaka. Matairi ya jeshi yakatengenezwa nao, yakatembea, yakachakaa, na yakarudi kama chakavu kwenye viwanda vya kurejesha mpira. Hapo pakazuka tatizo ambalo mafundi wa viwanda hivyo hawakuwa wamelizoea.

Kazi ya kurejesha mpira ilikuwa kongwe. Mwaka 1858 Mmarekani Hiram Hall alipata hataza ya kuulainisha mpira chakavu uliosagwa kwa mvuke. Mwaka 1899 Arthur Marks, huko Akron katika jimbo la Ohio, alibuni njia bora zaidi: mpira uliosagwa unapikwa kwenye tangi la mvuke pamoja na kostiki soda. Kostiki soda ilikula nyuzi za pamba zilizokuwa ndani ya matairi ya wakati ule, na joto likaulainisha mpira. Njia ya Marks ilitawala kwa miaka 40 hivi. Lakini matairi ya mpira sanisi yalipoingizwa kwenye matangi yale yale, mpira ulianza kulainika, kisha ukageuka na kuwa mgumu. Kadiri ulivyopikwa, ndivyo ulivyozidi kukaza.

Kwa nini? Hapa inabidi tuingie ndani kidogo, na nawaomba mnivumilie.

Mpira wowote, wa asili au sanisi, ni minyororo mirefu sana ya molekuli. Ukiwa mbichi, minyororo hiyo huteleza mmoja juu ya mwingine, na ndiyo maana mpira mbichi hunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto, unabadilika. Salfa hufunga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo, na mpira mzima unakuwa wavu mmoja. Ndiyo maana tairi linavutika na kurudi, na ndiyo maana haliyeyuki. Plastiki ya ndoo iliyovunjika unaweza kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu mpya, lakini mpira uliopikwa na salfa, kama ugali, haurudi kuwa unga.

Kinachoweza kufanyika ni kuukata wavu ule. Kazi kamili ingekuwa kukata madaraja ya salfa peke yake na kuiacha minyororo ikiwa mirefu. Kifungo cha salfa na salfa kwa kweli ni dhaifu kuliko kifungo cha kaboni na kaboni, lakini tofauti hiyo haitoshi kwa joto na kinu kuchagua vizuri. Kila unapokata madaraja, unakata na minyororo pia. Kwa hiyo mpira uliorejeshwa una minyororo mifupi, na mabonge madogo ya wavu ambao haukukatika. Sifa zake zote, nzuri na mbaya, chanzo chake ni hicho.

Sasa turudi kwenye tangi la Marks. Mpira wa asili ukipata joto na hewa, minyororo yake hukatika kwa kasi kuliko inavyojiunga tena. Matokeo yake ni ulaini. Mpira wa stairini na butadieni hukatika pia mwanzoni, lakini ncha zilizokatika hutafuta pa kushika, na sehemu nyingine za mnyororo hujifunga zenyewe kwa zenyewe. Baada ya muda kujiunga kunazidi kukatika, na tangi linatoa mpira mgumu. Wenye viwanda wakabadilisha mapishi. Kostiki soda ikaachwa, ikaja kloridi ya zinki, yakaongezwa mafuta yanayopenya ndani ya mpira na kemikali zinazoziba ncha zilizokatika ili zisijiunge tena. Muda wa kupika ukapimwa kwa uangalifu, kwa sababu kuchelewa kulikuwa na hasara kuliko kuwahi. Tangu siku hizo hakuna kiwanda makini kinachopika mpira bila kuuliza kwanza ni mpira gani.

Niseme kwa kifupi kazi yenyewe inavyokwenda leo. Chakavu husagwa hadi kuwa chembe, sumaku ikavuta nyaya za chuma, na nyuzi zikapepetwa. Chembe huchanganywa na mafuta na kemikali, kisha hupikwa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa saa kadhaa, au husukumwa ndani ya mashine ya parafujo yenye joto ambayo humaliza kazi kwa dakika chache. Zipo njia nyingine. Miaka ya 1970 kampuni ya Goodyear ilitumia mawimbi ya maikrowevu kwa mabaki ya mabomba ya ethilini na propilini, na Avraam Isayev wa Chuo Kikuu cha Akron amefanya utafiti mrefu wa kukata madaraja kwa mawimbi ya sauti ya kiwango cha juu.

Hatua ninayoipenda mimi ni ya mwisho. Mpira uliolainika hupitishwa kati ya rola mbili nzito za chuma zilizokaribiana mno, rola moja ikizunguka haraka kuliko nyenzake. Mpira hutandazwa ukawa utando mwembamba sana. Chembe ngumu ambazo hazikulainika haziwezi kupita katikati. Husukumwa pembeni mwa rola na kurudishwa kupikwa tena. Utando safi hujizungusha kwenye pipa tabaka juu ya tabaka mpaka uwe mnene, ukakatwa, ukafungwa vipande vizito vyeusi tayari kwa kuuzwa. Mnunuzi mzoefu huvuta kipande kidogo hadi kiwe chembamba akakitazama kwenye mwanga, akitafuta punje. Punje nyingi maana yake kazi ya rola ilifanywa haraka haraka.

Mnunuzi huyo ananunua nini hasa? Kwanza ajue kwamba hanunui mpira mtupu. Mpira uliorejeshwa kutoka tairi zima una mpira halisi kwa karibu nusu ya uzito wake. Nusu nyingine ni masizi ya kaboni yaliyotiwa tangu mwanzo kulipa tairi nguvu na weusi, mafuta, oksidi ya zinki na majivu. Wapo wanaouona huo kuwa ulaghai. Mimi naona vingine. Masizi yale na zinki ile ni vitu ambavyo kiwanda kingenunua kwa fedha na kuvichanganya kwa umeme mwingi. Hapa vimekuja vikiwa vimeshakandwa ndani.

Faida ya kwanza inaonekana kwenye mashine ya kukandia. Mpira mpya ni mgumu, unapambana na mashine, unachemka. Uliorejeshwa una minyororo mifupi, hivyo unakubali kukandwa upesi, kwa umeme mdogo na joto dogo. Faida ya pili iko kwenye kutandaza na kusukuma. Mpira mpya ukitandazwa kuwa shuka au ukisukumwa kuwa bomba hujikunja na kuvimba, kwa sababu minyororo mirefu inataka kurudi ilikotoka. Mtengenezaji wa mikeka ya gari huhangaika na shuka linalosinyaa mezani. Akiongeza mpira uliorejeshwa, shuka linatulia na vipimo havibadiliki. Hewa hutoka kwa urahisi kwenye kalibu, kwa hiyo bidhaa haitoki na vipovu. Salfa mpya inashika haraka. Na kwa kuwa mpira huo umeshapitia joto kali mara moja, joto la baadaye haliubadilishi sana, na bidhaa huzeeka polepole.

Hasara nazo zisemwe wazi. Nguvu ya kuvutwa hadi kukatika hushuka, na kwa mpira uliorejeshwa ukiwa peke yake hushuka sana. Huchanika upesi zaidi, hulika upesi zaidi kwa msuguano, na ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hupata nyufa mapema. Rangi yake ni nyeusi tu. Mafuta yaliyomo huacha madoa kwenye rangi nyeupe na kwenye ngozi ya viatu. Harufu yake hukaa muda mrefu. Kitu chochote kinachogusa chakula au kinachotiwa mdomoni na mtoto kisitengenezwe nao, na hapo sikubali mjadala.

Kwa sababu hiyo kazi zake huchaguliwa. Kwenye kashata ya tairi la gari liendalo kasi hutiwa kidogo sana au hautiwi kabisa. Kwenye sehemu za tairi zisizosuguana na barabara hutiwa zaidi. Kwenye mikeka ya gari, madgadi ya lori, sakafu za mabanda ya ng'ombe, matairi ya mikokoteni, magurudumu yasiyojazwa hewa, soli za viatu vya kazi, vitako vya mashine vya kuzuia mtetemo, na tabaka za ndani za mikanda ya kusafirishia mawe na saruji, unaweza kuwa sehemu kubwa ya mchanganyiko. Zamani makasha ya betri za magari yalitengenezwa kwa mpira mgumu wenye kiasi kikubwa cha mpira uliorejeshwa, kabla plastiki haijachukua nafasi hiyo.

Nitofautishe hapa jambo ambalo wengi hulichanganya. Mpira uliosagwa tu, bila kupikwa, si mpira uliorejeshwa. Nao una kazi zake. Miaka ya 1960 mhandisi Charles McDonald, huko Phoenix, Arizona, alichanganya unga wa matairi na lami ya moto, na barabara za lami ya mpira zikaanzia hapo. Hazipati nyufa upesi. Na katambuga zetu, ambazo Wakenya huziita akala, hazihitaji kusagwa wala kupikwa: fundi hukata tairi kwa kisu, akalipa umbo la mguu, na nguvu yote ya awali inabaki. Kwa tairi lenye nyuzi za kitambaa, sijui matumizi ya pili yaliyo bora kuliko hayo.

Lakini mfalme wa mpira sanisi uliorejeshwa ni butili, na hapa nataka tukae.

Butili ilizaliwa 1937 katika maabara za Standard Oil ya New Jersey, mikononi mwa William Sparks na Robert Thomas. Hutengenezwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 100 chini ya sifuri, kwa kuunganisha gesi ya isobutilini na isoprini kidogo mno, takriban asilimia 2 tu. Minyororo yake imejaa matawi mafupi yaliyosongamana, na hewa haipati njia ya kupenya. Tyubu ya mpira wa asili hupoteza upepo mara kadhaa haraka kuliko ya butili. Mwendesha bodaboda aliyewahi kutumia zote mbili anajua: ile ya asili inataka kupigwa pampu kila baada ya siku chache, ya butili anaisahau.

Ile isoprini kidogo ndiyo mahali pekee ambapo salfa inaweza kushika. Kwa hiyo butili ina madaraja machache, na minyororo yake karibu haina sehemu nyingine ya kujifungia. Kumbukeni ule mpira wa stairini na butadieni uliokaza ndani ya tangi. Butili hufanya kinyume chake: ikipata joto minyororo yake hukatika na haijiungi tena. Inalainika, basi. Wapishi wa mpira chakavu hawakuweza kuomba zaidi ya hapo. Butili iliyorejeshwa hutoka laini, yenye sura moja, na muhimu kuliko yote, bado inazuia hewa. Minyororo imefupika lakini yale matawi yaliyosongamana yako pale pale. Ndiyo maana tyubu kuukuu huweza kurudi kuwa sehemu ya tyubu mpya. Hutiwa pia kwenye utando wa ndani wa matairi ya tyubulesi, ambao kazi yake ni hiyo hiyo ya kushikilia upepo. Hutengenezewa tepu nzito za kuziba maungio ya mapaa, vifungio vya mabomba yanayozikwa ardhini, tandiko za mabwawa ya maji, na bitana za matangi ya asidi.

Ukiielewa butili umeelewa na nyingine. Nitrili iliyorejeshwa bado inakataa mafuta, hivyo huenda kwenye mikeka ya gereji na vifuniko vya mabomba. Ile ya ethilini na propilini bado haijali jua wala ozoni. Urejeshaji hupunguza nguvu, lakini tabia ya mpira iliyomo kwenye kemia yake hubaki. Na tabia ndiyo mnunuzi anayolipia.

Sasa tazameni kinachotokea tyubu za butili zikichanganywa na za mpira wa asili. Mpira wa asili una sehemu nyingi mno za kushikwa na salfa, na unashika haraka. Weka kiasi kidogo tu ndani ya butili, nao utanyakua salfa na vichochezi vyote, na butili itabaki nusu mbichi. Tyubu itakayotoka humo inaweza kuvimba bila mpangilio au kupasuka mahali dhaifu. Kwa sababu ya wachache waliokosea kuchambua, mzigo mzima hushuka thamani, au hukataliwa. Wamarekani walilijua hili mapema kiasi kwamba wakati wa vita tyubu za butili ziliwekewa mstari wa buluu, ili hata mtu asiyejua kemia azitenge.

Afrika Mashariki tuko wapi katika hili? Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama miaka mingi iliyopita. Kile cha Sameer Africa cha Nairobi, kilichoanza kikiitwa Firestone, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Matairi na tyubu zetu karibu zote sasa zinakuja kwa meli. Wengine husema bila viwanda vya matairi hatuna pa kuupeleka mpira uliorejeshwa. Sikubaliani nao kabisa. Kanda hii inatengeneza soli, mikeka, na vipuri vya mpira vya mashine, na hayo ndiyo hasa matumizi yanayopokea mpira uliorejeshwa kwa wingi. Nakubali kwamba mtambo wa mvuke na rola zake si kitu cha kununuliwa na kikundi kidogo, na kwamba maji machafu na harufu ya kiwanda hicho vinahitaji usimamizi wa kweli. Lakini kuna kazi iliyo kabla ya kiwanda. Tyubu za butili zilizochambuliwa na kufungwa marobota ni bidhaa inayouzwa na kununuliwa kati ya nchi na nchi. Kazi hiyo inahitaji kisu, kivuli na mtu anayejua anachokitazama.

Na hatari za kutofanya kitu tunaziishi. Matairi yanayochomwa na watu wanaotafuta nyaya za chuma hujaza masizi kwenye mapafu ya jirani zao. Matairi yaliyoachwa uwanjani hushika maji ya mvua, na ndani ya maji yale mbu wa dengue huzaliana. Dar es Salaam imepigwa na ugonjwa huo 2014 na tena 2019. Inaniuma kwamba mtoto anakohoa kwa sababu ya kitu ambacho kina mnunuzi.

Basi nimalizie kwa vitendo, kwa ajili ya mafundi mnaonisikiliza mkiwa kazini. Tyubu ikifika mwisho wake, soma kwanza maandishi yake. Nyingi za butili zimepigwa chapa ya neno hilo hilo kwa herufi kubwa za Kiingereza, karibu na valvu au kando ya vipimo. Kama maandishi yamefutika, kata mkanda mwembamba, uvute, uachie. Mpira wa asili hurudi kwa kishindo. Butili hurudi kivivu. Kata na kipande kinene, ukikunje kiwe donge, ukiangushe sakafuni: cha asili kitaruka, cha butili karibu kitabaki pale pale. Fanya hivyo mahali pa kawaida, si juani, kwa sababu butili ikipata moto sana huchangamka na kukudanganya.

Ukishazitenga, ondoa valvu pamoja na mpira mnene unaoizunguka, maana mara nyingi huo si wa aina moja na tyubu. Shaba ya valvu ina mnunuzi wake. Halafu viraka. Viraka vya dukani pamoja na solusheni yake mara nyingi ni mpira wa asili, hata vikibandikwa juu ya butili. Usijaribu kubandua. Kata duara zima linalokizunguka kiraka, uliweke kando, mbali na marundo mengine. Pangusa mchanga na grisi, tunza rundo lako mahali pakavu, na kila rundo liwe na alama yake ili msaidizi wako akibaki peke yake kibandani asirushe tyubu mahali pasipo pake.